Mistari Miwili ya Shangazi: Kwa Nini Muhogo Mmoja Unaugua na Mwingine Unabaki Kijani?

Swali la msomaji: "Shikamoo mtaalamu. Nalima muhogo ekari moja na nusu huku Mkuranga. Masika iliyopita nilipanda mbegu niliyonunua kwa jirani, na katikati ya shamba nikapanda mistari miwili ya mbegu niliyopewa na shangazi yangu wa Rufiji. Mbegu ya jirani karibu yote imeugua: majani yamejikunja, yana mabaka ya njano, miti imedumaa. Mistari ya shangazi ni kijani tupu, na iko katikati ya wagonjwa. Kiangazi kilipokaza, shamba zima lilipukutisha majani nikajua limekufa, lakini vuli ilipoanza likachipua upya. Jirani anasema mbegu ya shangazi ina kinga kama mtu aliyechanjwa. Muuza pembejeo anasema kinga inaongezwa kwa busta. Je, ni kweli mmea una kinga? Inafanyaje kazi, na je, huwa inaisha? Nataka msimu ujao nijaze shamba lote mbegu ya shangazi."

Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kupata swali kutoka kwa mtu anayelitazama shamba lake. Wengi huniandikia "muhogo wangu unaumwa" basi. Wewe umenieleza upi umeugua, upi haukuugua, ulitoka wapi na umepandwa karibu na nini. Nusu ya jibu iko humo humo.

Nianze na ya haraka. Mmea una kinga, tena ya kweli. Busta ni mbolea ya maji ya kunyunyiza kwenye majani. Inaweza kuusaidia mmea wenye njaa, lakini haimtoi kirusi aliyekwisha kuingia kwenye muhogo, wala haimzuii kuingia. Na shamba zima usilijaze mbegu ya shangazi mpaka uchimbe mashina machache ukaione mihogo yenyewe. Majani ya kijani hayajaniridhisha.

Kwanza tuione hiyo kinga. Mtu akiingiliwa na vijidudu, chembe nyeupe za damu hukimbilia mahali palipoingiliwa. Mmea hauna damu na hauna askari wa kukimbia. Kila seli inalinda nyumba yake yenyewe. Juu ya ngozi ya seli kuna vipokezi vinavyopapasa kila kinachogusa: vingine vinatambua protini ya mkia ambao bakteria huogelea nao, vingine vinatambua kitini, ile dutu ngumu ya kuta za ukungu. Kikishaguswa kipokezi, seli huongeza unene wa ukuta wake na kumwaga sumu mahali pale. Adui akipenya hapo, ndani wapo walinzi wengine wa zamu ya pili, na hawa wana amri nzito: wanaweza kuiamuru seli ijiue ili adui afe nayo. Ukiona jani lina vidoa vidogo vikavu kama limechomwa na ncha ya sigara, na vidoa havikui, mara nyingi unachokiona ni mmea ulioshinda. Umetoa seli mia kuokoa jani.

Tena habari husafiri. Mwaka 1961 mtafiti Mmarekani Frank Ross alionesha kwamba tumbaku iliyoambukizwa kirusi kwenye majani ya chini, baada ya siku kadhaa majani yake ya juu hupata madoa machache zaidi na madogo zaidi yakiambukizwa kirusi kile kile. Baadaye ikajulikana kwamba asidi ya salisili, ndugu wa karibu wa aspirini, ni mmojawapo wa wajumbe wa kengele hiyo. Kwa hiyo jirani yako hakukosea kabisa aliposema chanjo. Ila mistari ya shangazi haikuchanjwa na mtu. Ilicho nacho imezaliwa nacho.

Ugonjwa ulioelezea, majani kujikunja na mabaka ya njano, ni batobato. Unaletwa na virusi, na virusi hivyo hupita kwa njia mbili: pingili uliyopanda, au nzi weupe, wale wadudu wadogo kama chembe za unga wanaoruka ukitikisa jani. Hapa nakupa kipimo ambacho hakihitaji maabara. Kama ugonjwa ulikuja ndani ya pingili, majani ya kwanza kabisa kuchipua yalitoka yamejikunja. Kama uliletwa na nzi, majani ya chini yalitoka mazima, ugonjwa ukaanzia juu, katikati ya msimu. Jaribu kukumbuka mwezi wa kwanza. Kwa jinsi unavyosema "karibu yote", na miti kudumaa, nadhani jirani yako alikuuzia ugonjwa tayari, bila kujua. Kwa hiyo hatuwezi kusema mbegu ya shangazi imeshinda vita ambavyo mbegu ya jirani imeshindwa. Moja iliingia vitani ikiwa imeshapigwa.

Hata hivyo, mistari yako miwili imekaa masika, kiangazi na vuli katikati ya wagonjwa, nzi weupe wakipita juu yake kila asubuhi. Lazima imeonja kirusi. Kwa nini haijaonesha?

Kirusi wa batobato ni mdogo mno na hana mashine ya kujinakili. Akiingia kwenye seli huazima mashine ya mmea, ile ambayo muhogo unaitumia kunakili vinasaba vyake kila seli inapogawanyika. Mmea nao una silaha dhidi yake: hukamata ujumbe wake na kuukatakata kama kwa mkasi, vipande vidogo vya herufi ishirini na kidogo za lugha ya vinasaba, kisha huvitunza vipande hivyo kama picha ya mwizi. Ujumbe wowote unaofanana na picha unakamatwa na kukatwa pia. Waliotuonesha vipande hivyo kwenye mimea ni Andrew Hamilton na David Baulcombe, Uingereza, mwaka 1999. Wewe unaweza kuona kazi yake bila darubini: kuna muhogo ambao majani ya katikati yamejikunja, halafu majani mapya ya juu yanatoka mazuri. Mkulima husema umepona. Ni kweli umepona kiasi, kwa sababu mkasi umefanya kazi. Joto huusaidia mkasi huo, ndiyo maana wakati wa jua kali dalili za batobato zinaweza kufifia, na baridi ikirudi nazo zikarudi.

Virusi navyo havikulala. Vimebeba vifaa vya kuuharibu mkasi, na kirusi wa aina moja akikutana na wa aina nyingine ndani ya mmea mmoja, kila mmoja na kifaa chake, mmea unaelemewa. Ndilo lililotokea Uganda mwishoni mwa miaka ya 1980 na miaka ya 1990. Virusi viwili vya batobato vilikutana, vikabadilishana vipande vya vinasaba, akazaliwa kirusi mpya mkali. Ugonjwa ukasonga mbele mwaka hadi mwaka, watu wakaacha kulima muhogo wilaya kwa wilaya, kisha ukaingia magharibi mwa Kenya, Kagera, Rwanda, Burundi na Kongo. Aliyeona mashamba ya wakati ule hawezi kusahau: miti mifupi, majani kama yamekunjwa kwa vidole, na chini hakuna kitu cha kuchimba.

Hapa inabidi turudi nyuma, kwa sababu kinga ya mbegu ya shangazi huenda ina ukoo, na ukoo huo umepita Tanga. Muhogo ni mgeni kwetu. Kwao ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliouleta Afrika. Virusi vya batobato havipo kule kwao. Ni vya huku, muhogo ulivikuta. Zao lilifika bila mababu waliowahi kupigana na adui huyu. Mjerumani Warburg alipouandika ugonjwa huu kwa mara ya kwanza, mwaka 1894, alikuwa akizungumzia muhogo wa huku huku kwetu, Afrika Mashariki ya Wajerumani.

Miaka ya 1930, kwenye kituo cha utafiti cha Amani, juu ya milima ya Usambara, H. H. Storey na mwenzake Nichols walianza kutafuta kinga mahali pengine. Kama muhogo wenyewe hauna cha kutosha, je, ndugu zake? Ndugu aliyekuwa karibu ulikuwa mti ulioletwa kwa ajili ya utomvu wa mpira. Unaufahamu, ni ule ambao watu wa Tanga mpaka leo wanachuma majani yake na kuyapika, kisamvu cha mpira. Wakauchanganya na muhogo. Watoto waliozaliwa walikuwa na kinga, lakini mizizi yao ilikuwa migumu ya kuni, hailiki. Ikabidi kila kizazi kirudishwe kwa muhogo, tena na tena mpaka mara tatu, huku wakichagua walio na mihogo minene na kinga pamoja. Kazi hiyo ilichukua miaka kama ishirini, na Dennis Jennings aliiendeleza mpaka miaka ya 1950. Uzao wa Amani ulifika Nigeria, ukawa msingi wa mbegu nyingi zilizosambazwa Afrika nzima baadaye. Na mbegu inayoitwa Namikonga, ambayo wakulima wa Mtwara na Lindi wanaijua, na Kaleso ya pwani ya Kenya, ni mbegu moja yenye majina mawili, na ilitoka Amani. Watu waliitunza kwa kupeana pingili, jirani kwa jirani, shangazi kwa mpwa, muda mrefu baada ya kituo kuacha kazi ile. Ninapolisema hili moyo wangu hujaa, kwa sababu kituo kilipotulia, kinga ilibaki mikononi mwa akina mama wa vijijini.

Kuna kinga nyingine kali ya batobato iliyopatikana kwenye mbegu za wakulima wenyewe wa Nigeria, haikutoka maabara yoyote. Kwa miaka mingi watafiti walijua ipo, wakaipa jina CMD2, lakini hawakujua inafanya nini. Mwaka 2022 ikachapishwa kwamba iko kwenye kinasaba kinachotengeneza sehemu ya mashine ile ya kunakili. Mabadiliko ya herufi moja tu. Yaani mashine ambayo kirusi alikuja kuiazima imebadilishwa kidogo, muhogo unaitumia bila shida, mwizi haimfai. Nilipoisoma habari hiyo nilifunga kitabu nikatoka nje kutembea.

Umeuliza kama kinga huisha. Inaweza. Kinga inayotegemea kinasaba kimoja ni kama mlango wenye kufuli moja: adui akipata ufunguo, amepata nyumba. Ngano ya nchi nyingi iliwahi kutegemea sana kinasaba kimoja dhidi ya ugonjwa wa ukungu uitwao kutu ya shina. Mwaka 1999 kutu iliyopewa jina Ug99 ikatambuliwa Uganda, na yenyewe ilikuwa na ufunguo. Kinga ya batobato niliyoitaja imedumu kwa muda mrefu mashambani, lakini kuna jambo la kushangaza: mimea yake ikipitishwa maabara kwa njia ya kuikuza upya kutoka kwenye bonge la seli zisizo na umbo, hutoka bila ile kinga. Ndiyo maana watafiti wa mbegu siku hizi wanajaribu kuweka kufuli mbili tatu kwenye mlango mmoja.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya nikuambie usijaze shamba.

Kuna mmea unaokataa ugonjwa, na kuna mmea unaouvumilia. Kwa macho vinafanana. Wa kwanza kirusi hawezi kujinakili ndani yake, au anakwama mahali alipoingilia. Wa pili kirusi yumo, amejaa, anaishi, ila mmea unaendelea na kazi zake bila kuonesha. Kwa mahindi au maharage tofauti hii ina uzito mdogo kwa mkulima: kama umevuna, umevuna. Kwa muhogo ina uzito mkubwa, kwa sababu muhogo hatupandi punje. Tunapanda kipande cha mwili wa mzazi. Chochote kilichokuwa ndani ya mzazi kinaingia shamba jipya. Mmea mvumilivu ni mgonjwa anayetembea. Nzi mweupe akifyonza kwake anaondoka na kirusi mpaka kwa jirani ambaye mbegu yake haina uvumilivu.

Na pwani yetu kuna ugonjwa wa pili, mbaya zaidi kwa sababu unajificha: michirizi ya kahawia. Storey aliueleza mwaka 1936, naye alikuwa Amani. Kwa muda mrefu ulijulikana kuwa ni wa nyanda za chini, pwani na pembezoni mwa Ziwa Nyasa. Tangu mwaka 2004 ukaonekana ukisambaa hata Uganda, na baadaye nchi nyingine za maziwa makuu. Batobato inajianika kwenye majani machanga ya juu, kila mpita njia anaiona. Michirizi inakaa kwenye majani ya chini, yale yaliyozeeka ambayo hakuna anayeyatazama: njano inafuata mishipa midogo ya jani, haijikunji. Juu ya mti kote ni kijani kinachovutia. Uharibifu wenyewe uko chini ya udongo.

Miaka mingi nyuma, nikiwa bado kijana kazini, tulikusanya mbegu kwenye shamba moja la pwani lililokuwa zuri kuliko yote ya pale. Majani mapana, hakuna batobato hata mti mmoja. Tukafunga mafungu, tukayapeleka kwa kikundi cha akina mama kwenye kijiji cha ndani. Hakuna aliyechimba shina hata moja kabla ya kukata mbegu. Msimu uliofuata mama mmoja aliniita shambani kwake. Hakugomba. Aling'oa shina, akachukua muhogo mnene, akaukata kwa panga, akanipa kipande mkononi. Ndani ya nyama nyeupe kulikuwa na bonge la kahawia, kavu, gumu, kama gome la mti lililopachikwa ndani ya muhogo. Akakata wa pili. Akakata wa tatu. Akasema, "Hii ndiyo mbegu mliyotuletea." Sikuwa na la kumjibu. Tangu siku hiyo sijampa mtu pingili kutoka shamba ambalo sijalichimba.

Kwa hiyo mistari ya shangazi inaweza kuwa moja kati ya tatu. Inaweza kuwa inakataa batobato na michirizi yote mawili, na hapo umepata mali. Inaweza kuwa inakataa batobato lakini imebeba michirizi. Mbegu za namna hii ni nyingi mno pwani, zilichaguliwa kwa macho, na macho yanatazama juu. Au inavumilia vyote viwili. Jina la mbegu lingenisaidia: muulize shangazi wanaiitaje na aliitoa kwa nani. Kiroba, kwa mfano, wakulima wa ukanda wetu wameipenda kwa sababu inavumilia michirizi: kirusi yumo, lakini mihogo mara nyingi inachimbwa ikiwa mizuri. Kwa anayechimba na kula hilo ni jema. Kwa anayegawa mbegu wilaya nzima si jema hivyo. Namikonga inajitahidi kumzuia kirusi asienee mwilini. Unaweza kukuta tawi moja limeingiliwa na jingine halijaingiliwa. Ndiyo sababu mbegu yenye kinga ya kweli inaweza hata kujisafisha kidogo kidogo, pingili nyingine zikazaa miti mizima ingawa mzazi aliumwa. Kwenye mbegu dhaifu jambo hilo ni nadra mno.

Kuhusu kiangazi, hapo muhogo ulikuonesha akili yake na wewe ukadhani ni maiti. Majani yana vitundu vidogo ambavyo hupitisha hewa na kupoteza maji. Mimea mingi hungoja mpaka inaanza kunyauka ndipo inafunga. Muhogo hausubiri. Hewa ikikauka tu, hata kama udongo bado una unyevu, vitundu vinafungwa. Watafiti wa CIAT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo kule Colombia, walilionesha hili wazi kuanzia miaka ya 1980. Kisha mizizi ikihisi ukavu, kemikali ya kupiga kengele ya hatari inajaa kwenye majani na kuamuru ukuaji usimame. Majani ya chini yanaanguka. Yaliyobaki yanalala chini mchana ili jua lisiyapige uso kwa uso. Nenda saa saba ukatazame, utayaona yananing'inia kama mikono ya mtu aliyechoka, na jioni yananyanyuka tena. Mizizi michache myembamba inashuka polepole mpaka mita mbili na zaidi, ikinyonya kidogo kidogo. Mahindi yakikosa maji wiki mbili wakati wa kutoa mbelewele, msimu umekwisha. Muhogo hauna siku moja ya hatari namna hiyo. Unalala, unangoja.

Ila kuna gharama. Mvua za vuli zilipofika, majani mapya hayakutoka hewani. Yamejengwa kwa wanga uliokuwa kwenye mihogo yako. Ukichimba wiki za kwanza baada ya kuchipua utakuta muhogo una maji, haupikiki vizuri, na ukitengeneza makopa unga ni kidogo. Ngoja majani yakomae, yarudishe kilichokopwa.

Na ukavu unaongeza uchungu. Hili nalisema kwa sababu ya watoto. Muhogo unatunza sumu kwa ujanja wa kutenganisha: dutu moja iko ndani kabisa ya seli, kimeng'enya chake kiko kwenye ukuta wa seli. Vikiwa mbali hakuna madhara. Panya au nguruwe akitafuna, kuta zinapasuka, vinakutana, sianidi inatoka. Ukitwanga kisamvu kwenye kinu na kusikia ile harufu kali puani, ndivyo vinavyokutana. Wewe umevikutanisha kwa makusudi ili sumu itoke kabla ya kula, kisha unachemsha iishie hewani. Mwaka wa ukame muhogo hutengeneza dutu hiyo kwa wingi zaidi. Nampula, Msumbiji, mwaka 1981, na Tarime mwaka 1985, watu walipooza miguu yote miwili, ugonjwa uitwao konzo, baada ya ukame kuwaachia muhogo mchungu peke yake, wakaula bila kuuandaa kwa siku za kutosha kwa sababu njaa haikuwapa nafasi. Kwa hiyo kama mbegu ya shangazi ni chungu, mihogo ya mwaka huu isiliwe mibichi wala ya kuchemsha tu. Menya, loweka siku tatu au zaidi mpaka ilainike, anika, twanga.

Busta nimeshaisema. Majivu pia watu watakushauri. Yana potasiamu, na muhogo unaipenda sana potasiamu, kwa hiyo yamwage, mihogo itanenepa. Kirusi hatayajali. Dawa ya kuua nzi weupe sikushauri: utamaliza fedha, nzi watarudi kutoka kwa jirani, na wale wadudu wanaowala watakuwa wamekufa.

Fanya hivi. Mti ukifika miezi tisa hadi kumi na miwili, chagua mashina matano ya mbegu ya shangazi, usichague mazuri, chukua mojamoja kutoka sehemu tofauti za mistari. Kabla ya kung'oa inama, tazama majani ya chini kama yana njano inayofuata mishipa, halafu tazama sehemu ya shina iliyo bado kijani kama ina michirizi ya kahawia. Kisha chimba, na kila muhogo ukate vipande vya duara vyembamba kuanzia kichwani mpaka mkiani. Usikate mara moja katikati ukaridhika. Doa linaweza kuwa sentimita mbili tu karibu na ncha. Kama yote matano ni meupe, weka alama ya kitambaa kwenye miti iliyobaki iliyo safi na ukate mbegu hapo hapo tu. Usipande mbegu hiyo kwenye shamba la sasa. Tafuta robo ekari mbali na mihogo mingine kadiri uwezavyo. Kirusi wa michirizi hakai muda mrefu mdomoni kwa nzi, hivyo hata umbali wa mita mia chache unasaidia sana. Wa batobato hukaa siku nyingi, lakini huyo unamwona mapema. Miezi mitatu ya kwanza pita kila wiki, mti wowote utakaojikunja majani ung'oe na uutoe shambani. Shamba la zamani likishavunwa, mashina ya mbegu ya jirani yasibaki pembeni yakachipua, na yasigawiwe mtu. Mwambie jirani pia, kwa upole, maana shamba lake litaambukiza lako hata ukifanya mengine yote sawa.

Kama mistari ya shangazi itakuwa na kahawia, tafuta mbegu iliyokaguliwa na TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kibaha si mbali na wewe, na wanajua nani anazalisha mbegu safi ukanda huo. Mihogo ya mistari ile kula tu, ondoa sehemu iliyoharibika. Pingili zake usimpe mtu, hata shangazi mwenyewe akiomba irudi kwake, kwa sababu na yeye itabidi achimbe matano ya kwake aone.